“Huku nje hakuna mtu”: kisa cha mjamzito wa Pemba katika miezi ya korona

Kisa hiki nimewaandikia wakunga, wauguzi na wahudumu wa kujitolea wanaofuatilia wajawazito majumbani. Mwenyewe ameridhia kisimuliwe. Jina lake, kijiji na kituo nimeviondoa, na baadhi ya siku nimezisogeza. Namwita Bi M. Mkunga wake nilikuwa mimi, na sehemu ya makosa yaliyomo ni yangu.

Usuli

Bi M. alikuwa na miaka 23, mimba ya kwanza, akikaa kwa mavyaa wake, yaani mama mkwe, katika kijiji cha pwani kaskazini mwa Pemba. Mumewe alikuwa mhudumu katika hoteli ya kitalii mashariki mwa Unguja. Alikuja nyumbani kila baada ya wiki sita au saba, na mwisho wa mwezi alituma pesa kwa simu. Bi M. alifiwa na mama yake angali mdogo. Aliyemlea ni mamkubwa wake, ambaye miaka ya karibuni alihamia mjini Unguja kwa mwanawe.

Nautaja ukoo huu kwa sababu kwetu binti wa mimba ya kwanza huzalia kwao. Mwezi wa saba au wa nane anarudi kwa mama yake. Akishajifungua anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, anapikiwa uji wa pilipili manga, na halali peke yake mpaka arubaini itimie. Ukisoma miongozo ya afya ya uzazi hutaikuta arubaini popote. Mimi naihesabu kuwa huduma kamili: siku 40 ambazo mzazi hampikii mtu, na kuna mkono wa mtu mzima mgongoni mwake. Mpango wa Bi M. ulikuwa apande boti mwezi wa Juni aende kwa mamkubwa.

Kliniki ya kwanza alikuja katikati ya Februari 2020, mimba ya wiki 14. Uzito kilo 54, presha 112/70, wingi wa damu 10.6. Vipimo vyengine vilikuwa salama. Hakuna aliyemuuliza moyo wake ukoje, wala kadi ya kliniki haina pahala pa kuandika jibu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na baada ya kujifungua idadi inafika asilimia 19.8. Makadirio hayo yalitolewa kabla ya korona. Siku tunayopokea wajawazito 30, hesabu hiyo ni wanne au watano. Kwenye daftari letu hakukuwa na hata mmoja.

Mwenendo wa kisa

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, na siku chache baadaye Zanzibar nayo ikatangaza wake. Skuli zilifungwa. Watalii waliondoka, Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa, na hoteli ya mume wa Bi M. ikafunga milango. Wafanyakazi waliambiwa wasubiri. Akabaki Unguja kusubiri. Pesa ziliingia nusu, kisha zikakatika. Kwa mkewe alisema mshahara umechelewa.

Kituoni nasi tulibadilika. Tulipunguza mabenchi, tukazuia wasindikizaji, tukatenganisha miadi. Lile somo la asubuhi, ambapo wanawake hukaa pamoja wakasikiliza, wakaulizana na kuchekana, tulilifuta. Kwa kuzuia maambukizi tulifanya sawa, ila hatukuweka kitu mahali pake.

Miadi ya Aprili Bi M. hakuja. Kijijini ilivuma kwamba anayekwenda hospitali na kikohozi harudi. Mwanzoni mwa Mei takwimu za wagonjwa zilikoma kutangazwa, na pale palipokuwa kimya ziliingia sauti za WhatsApp: mtu asiyejulikana, kutoka pahala pasipojulikana, akihesabu maiti. Bi M. alizisikiliza usiku, simu sikioni, moja baada ya nyengine. Hayo niliyajua baadaye.

Wiki ya pili ya Mei alikuja, mimba ya wiki 27, katikati ya Ramadhani. Alisema moyo unamwenda mbio, kichwa kinamgonga, usingizi hapati. Presha 116/74, malaria hana, damu 9.8, uzito kilo 53 na nusu. Mimba imekua wiki 13 na mama amepungua nusu kilo. Nikamuuliza kama anafunga, akasema ndiyo. Nikaandika “saumu”. Nikampa vidonge vya kuongeza damu, nikamwambia dini imempa ruhusa ya kula akihofia nafsi yake au mtoto. Tulizungumza dakika nne hivi, sote tuna barakoa, meta mbili baina yetu. Uso wake sikuuona.

Wiki iliyofuata mamkubwa alifariki Unguja, baada ya siku tano za homa na kubanwa na pumzi. Alizikwa siku ileile, na watu wachache. Bi M. alipigiwa simu baada ya alasiri, maziko yameshakwisha. Matanga hayakuwekwa. Mavyaa alimkataza kupanda boti, na mimi ningemkataza vilevile. Basi alikaa chumbani peke yake na msiba usiokuwa na watu.

Ilipofika Juni, mimba ya wiki 31, mhudumu wa kujitolea alipita nyumbani hapo saa tisa mchana. Mavyaa alikuwa upenuni akisuka ukili. “Mwanangu, huyu simwelewi,” alimwambia. “Hali, halali, kutwa kukosha mikono. Nimemletea kombe kwa mwalimu, kanywa siku tatu, hakuna.” Kombe ni maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani. Kisha akashusha sauti: “Watu wanasema kapandwa.” Yaani na pepo. Mhudumu yule, aliyesoma hadi kidato cha pili, hakubishana naye wala hakumuunga mkono. Aliomba tu amwone mgonjwa. Alimkuta amelala dirisha limefungwa, mikono imebabuka. Jioni alinipigia simu, na kauli yake naikumbuka: “Mama, huyu si mvivu. Huyu anaogopa.”

Asubuhi yake nilikwenda. Tulikaa ukumbini karibu na mlango wa uani, upepo unapita, kila mmoja na mkeka wake. Ile mikono alikuwa akiiosha kwa dawa ya kutolea madoa ya nguo, mara nyingi kwa siku asivyoweza kuhesabu. Sikuanza na mikono. Nilimpa pole ya mamkubwa, kwani hakuna mtu wa kituoni aliyempa, kisha nikasema: “Hebu nieleze, alikuwa mtu wa namna gani?” Alizungumza karibu dakika 40. Alinieleza jinsi mamkubwa alivyokuwa akimsuka nywele huku akimsomesha Juzuu Amma. Nilipomuuliza kuhusu mtoto, alinyamaza kitambo, halafu akasema: “Usiku akicheza namwambia, tulia mwanangu, huku nje hakuna mtu.”

Hapo nikatoa maswali kumi ya kipimo cha Edinburgh, cha kutafuta dalili za sonona. Kipimo hicho kilitungwa Uskochi, kikachapishwa mwaka 1987, na kinauliza hali ya siku saba zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 30. Kinafaa kwa wajawazito kwa kuwa hakiulizi uchovu wala hamu ya chakula, mambo ambayo mimba peke yake huyabadilisha. Nilimsomea mwenyewe, taratibu. Swali la kwanza, kama ameweza kucheka na kuona jambo la kuchekesha, alinitazama: “Mfiwa anacheka, mama?” Jumla ilikuwa 17. Alama kubwa si jina la ugonjwa, ni sababu ya kuuliza zaidi.

Swali la kumi, la fikira za kujidhuru, alijibu “hapana” kabla sijamaliza kulisoma. Kwetu kujiua ni haramu kubwa, na ulimi unakana kabla ya moyo kuulizwa. Kwa hiyo nikauliza kwa njia nyengine: “Kuna usiku unatamani ulale usiamke?” Akasema, “Ndiyo. Si kila siku.” Nikamuuliza kama amefikiri afanye nini, na kwa kitu gani. Hajafikiri. Nikamuuliza kama anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Hasikii.

Maamuzi na sababu zake

Usalama ulitangulia. Nilimwomba ruhusa nimweleze mavyaa sehemu tu ya mambo, tukakubaliana sehemu gani. Mavyaa aliambiwa kuwa Bi M. ana majonzi na hofu iliyomzidi nguvu, kwamba ni maradhi yanayotibika, na kwamba asilale peke yake. Ya kutamani kutoamka hakuambiwa kwa maneno hayo. Dawa ya madoa na sumu ya panya viliondolewa nyumbani kwa sababu ya mikono na watoto, na sababu hizo zilikuwa za kweli.

Rufaa ilikuwa ngumu zaidi. Nilitaka aende kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya wilaya. Alikataa kata kata. Aliogopa maambukizi, na aliogopa zaidi kuitwa mwendawazimu. Kwa watu wengi wa visiwani neno “akili” linakwenda moja kwa moja Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja. Ningeweza kumshurutisha kupitia mavyaa na sheha, kiongozi wa serikali kijijini. Niliona nikifanya hivyo nitampata siku moja na kumpoteza miezi mitatu. Nilimpigia simu muuguzi wa afya ya akili, nikamweleza kila kitu. Tukaafikiana kuwa, kwa kuwa anajitambua, hana mpango wa kujidhuru na anaweza bado kufanya kazi ndogo, tuanze kwa mazungumzo nyumbani bila dawa, tupime tena baada ya wiki tatu. Tuliandika mambo manne ambayo likitokea moja tu anapelekwa hospitali siku hiyohiyo hata akikataa: akitaja njia ya kujidhuru, akikaa siku nzima bila kula wala kunywa, akisikia sauti, au mtoto akipunguza kucheza.

Mazungumzo niliyafuata katika mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, uliotokana na kazi iliyofanywa vijijini Pakistan. Kule wahudumu wa jamii wasiokuwa wataalamu waliwatembelea wajawazito wenye sonona, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha kuwa mtoto alipofika miezi sita, asilimia 23 ya mama waliotembelewa hivyo walikuwa bado na sonona, ilhali kwa wale wengine ni asilimia 53. Njia yenyewe ni kumsaidia mama alione wazo linalomuumiza, alipime, atafute wazo jengine, kisha atende jambo dogo. Mazungumzo yanazunguka mambo matatu: mwili wake, mtoto wake na watu wake. Kwa Bi M. nililianza la watu.

Niliketi na mavyaa nikamuuliza kama inawezekana marehemu akasomewa nyumbani hapo. Hili halimo katika mwongozo wowote niliousoma. Nililifikiria njiani nikirudi, nikijiuliza huyu binti amekosa nini hasa, na jibu likawa: amekosa watu wa kumwambia pole. Ijumaa iliyofuata wanawake watano walikaa uani, wametawanyika, milango wazi, wakasoma Yasini na dua, wakanywa chai ya tangawizi, wakaondoka kabla ya magharibi. Bi M. alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza. Mavyaa alimwacha alie.

Kuhusu mikono, nilimweleza kuwa sabuni na maji vinatosha, na tukaorodhesha wakati wa kuosha. Ilisaidia kidogo tu. Aliyeisimamisha ile kazi ni mwalimu wa madrasa, yuleyule aliyeandika kombe. Kombe sikulikataza, halikumdhuru, na lilikuwa dalili kwamba kuna mtu anamshughulikia. Nilimwomba mwalimu azungumze naye. Alikuja mpaka mlangoni akamwambia: “Udhu ni mara tatu, mwanangu. Inayozidi ni wasiwasi, na wasiwasi dawa yake ni kuupuuza.” Neno wasiwasi Bi M. alikuwa nalo tangu chuo cha Kurani, mimi nilikuwa nikimletea maneno mapya.

Simu ililala kwa mavyaa kuanzia isha, ili Bi M. asizisikilize zile sauti za WhatsApp.

La mume niliharakisha. Nilimpigia nikamwambia mkewe anahitaji ukweli kuhusu pesa. Akamwambia wiki hiyohiyo: kazi hakuna, hajui itarudi lini, ana deni la chumba. Nadhani ukweli ulikuwa haki ya Bi M. Lakini niliuleta wakati mbaya na bila kuwaandaa wote wawili.

Matokeo

Wiki ya tatu kipimo kilikuwa 14, wiki ya sita 9. Ile wiki ya pili, baada ya simu ya mume, hakula vizuri kwa siku mbili na tulikaribia kumpeleka hospitali. Uzito ulianza kupanda. Mimba ya wiki 37 alikuwa kilo 57 na damu 10.9. Mume alirudi Pemba mwezi wa Julai akaanza kwenda baharini na ami yake. Kuwepo kwake kulikuwa na mema na shida: samaki nyumbani, na ugomvi wa pesa pia.

Wiki moja kabla ya tarehe yake tuliiandikia hospitali aliyopanga kuzalia, tukaomba mavyaa aruhusiwe kuwa naye. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisisitiza kipindi chote kile kwamba mwanamke ana haki ya kuwa na mtu anayemtaka wakati wa uchungu, korona ikiwepo au isiwepo. Mlangoni mavyaa alizuiwa. Bi M. alikaa na uchungu saa tisa bila mtu wake. Alijifungua salama mtoto wa kike, kilo 2.8.

Mavyaa ndiye aliyemkanda. Siku ya kumi nilipokwenda nilipata alama 13, analia bila sababu anayoijua, na fikira za kutoamka hazipo. Tulirudisha ziara za kila wiki. Arubaini ilipotimia alama zilikuwa 7.

Februari 2021 hofu ilirejea Pemba nzima. Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar na ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wiki kadhaa kabla kuwa ameambukizwa korona, alifariki tarehe 17, na siku ya pili yake akazikwa kwao Mtambwe. Usiku wa maziko Bi M. alinipigia simu mwenyewe. “Mama, imeanza tena. Moyo unakwenda mbio, lakini mikono sijaigusa.” Asubuhi nilikwenda.

Uchambuzi

Kosa kubwa la kisa hiki lilitokea Mei, na nililifanya kwa mkono wangu. Dalili zote zilikuwa mezani: uzito umeshuka, usingizi hakuna, moyo mbio, miadi ya Aprili imekosekana. Nilipata maelezo yaliyotosha, saumu na upungufu wa damu, nikaacha kutafuta. Maelezo yote mawili yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalinipoteza. Kama ningemuuliza maswali mawili tu, kwamba wiki mbili hizi amekuwa na huzuni au kukata tamaa, na kwamba vitu alivyokuwa akivipenda bado anavipenda, ningempata wiki nne mapema, na mamkubwa wake angali hai.

Sifahamu kwa uhakika ni kipi kilichomponya. Damu ilipanda wakati uleule, muda nao ulipita, na huzuni ya msiba hupungua yenyewe kwa watu wengi. Lakini nikiangalia siku baada ya siku, mabadiliko ya kwanza niliyoyaona, kula na kutoka nje ya chumba, yalikuja mwisho wa juma lile alilosomewa marehemu. Nimeshakutana na wenzangu wanaohofia kuwa kuingiza dua katika matibabu ni kuacha utaalamu. Kwa Bi M. dua ilikuwa njia ya kuwarudisha watu. Aliyefiwa akiwa mbali na asiwekewe matanga hupewa habari ya kifo bila mahali pa kuipeleka, na miezi ile wanawake wa namna hiyo walikuwa wengi kuliko tulivyohesabu.

Mavyaa anastahili kutazamwa tofauti na tulivyozoea. Katika vikao vyetu vya kazi mavyaa hutajwa kama kikwazo. Huyu alikuwa mkali, na kabla ya ziara yetu alimwita mkwewe mvivu mbele ya watu. Alibadilika alipopewa jambo la kufanya na sababu ya kulifanya. Hakubadilika moja kwa moja. Mwezi wa Septemba walinuniana wiki nzima kwa ajili ya kanga. Lakini usiku alilala chumba kimoja na mzazi, kama tulivyokubaliana, na hakuukosa hata mmoja.

Kilichoshindwa kabisa ni mlango wa hospitali. Barua yetu ilifika, ilisomwa na haikubadilisha kitu, kwa sababu tuliiandika kwa ajili ya mtu mmoja badala ya kukaa na uongozi mapema tukatafuta utaratibu wa wote: msindikizaji mmoja, asiyekuwa na homa, mwenye barakoa, asiyetoka na kuingia. Naamini zile alama 13 za siku ya kumi zina sehemu ya zile saa tisa. Nyengine ni kutokana na mimi: nilimwona ana 9 kabla ya kujifungua nikasitisha ziara, wakati kujifungua ndiko kunakoongeza hatari.

Siri tuliitunza vizuri, ila kwa bahati. Mhudumu alinipigia simu akiwa barabarani, akitaja jina la nyumba. Sasa tunatumia namba ya kadi.

Baada ya kisa hiki tulichora safu moja kwa rula katika daftari la kliniki, pembeni ya presha, kwa ajili ya yale maswali mawili. Miezi sita ya mwanzo tuliwapata wanawake kumi na mmoja. Daftari lilipojaa tukaletewa jipya, na safu haikuwemo. Tumeichora tena.